Sala Ndefu Juu ya Sufuria

Masese, Jumapili baada ya alasiri

Aziza binti yangu,

Salamu siandiki. Nitakuulizaje hali na nakusikia chumba cha pili unagombana na pasi ya makaa? Umeme wamekata tena, sisi tunaoishi na bwawa la umeme mlangoni. Hilo koti jeupe umelipiga pasi mara ya tatu sasa. Liache, mama, litaungua.

Mambo ya blanketi, ya mafuta ya kujipaka na ya kutokula ovyo njiani nimemwachia mamako. Hayo anayaweza, na tangu asubuhi sauti yake inafika mpaka kwa wanaoanika mukene, dagaa wetu hawa, kule ufukweni. Mimi nimekaa uani na daftari lako la zamani, nachana karatasi za katikati. Nina jambo moja la kukwambia na sijui nilianzie wapi. Mara tatu nimeanza, mara tatu nimechana. Mtu mzima, mvi mpaka masikioni, nashindwa na karatasi! Usoni siwezi kukwambia, nimejaribu tangu juzi. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu tunakisema tu, hatukuzoea kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kadi za wagonjwa.

Nianze na maneno yako mwenyewe. Juzi ulipoingia na barua ya chuo, kwamba wewe na wenzako wachache wa mwaka wa mwisho wa udaktari mmechaguliwa kwenda Mbale kufunzwa ualimu, mjue kuwafundisha wadogo zenu wodini, na mbele ya safari mje kuviongoza vyuo vyenyewe, mamako alipiga vigelegele na mimi nikalia kidogo. Uliniona. Kisha majirani walipokuja kupongeza ukaniwekea mkono begani ukawaambia, "Mimi sina wasiwasi wowote. Nitafundisha kama Baba alivyofundisha. Nitafanya kama yeye tu."

Wote wakacheka, wakanisifu, na mimi chai ikanipalia. Ukanipiga mgongoni ukasema tangawizi imezidi. Haikuwa tangawizi, Aziza.

Zamani nilimwambia msichana mmoja maneno kama hayo. Nilimwambia, "Fanya kama ninavyofanya." Akafanya. Mtoto wa watu akafa, na yule msichana akafukuzwa kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Hili hata mamako halijui lote. Naona haya kuliandika, lakini naona haya zaidi wewe kwenda Mbale ukidhani unamjua mwalimu unayemwiga.

Nusu ya habari unaijua. Utawala wa wanajeshi ulipoanguka, Wanubi tuliwindwa, kwa kuwa askari wake wengi walitoka kwetu, mwenye bunduki na asiyewahi kuishika. Mimi nilikuwa dresa tu hapa Jinja, kazi yangu kufunga vidonda na kudunga sindano. Lakini babu yangu alikuwa askari, jina langu Yusufu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kambini. Wagonjwa walizoea kuniita "afande" kwa utani. Katika wiki ile moja utani ule ukawa wa kumtoa mtu roho.

Metroni wetu, mama wa Kisoga mnene, mwenye huruma na matusi kwa kipimo kimoja, aliniita stoo akafunga mlango. "Wewe hapa takufa," akasema. "Kuna zahanati ndogo nje ya Mbale, njia ya mlimani. Nataka mutu ya kufundisha wasichana. Toka leo wewe ni Yosefu. Nasikia? Yosefu. Na hiyo Kiswahili yako mzuri, haribu!"

Basi nikakiharibu. Huko Mbale nilikuwa nikifungua mdomo nageuza r kuwa l na l kuwa r, nasema "mimi hapana jua" kama mtu aliyejifunza lugha sokoni. Usicheke. Jaribu wewe kuongea vibaya kila siku lugha uliyokulia nayo. Jumapili nilikwenda kanisani nikasimama nyuma, wakisimama nasimama, wakipiga magoti napiga. Swala zangu nilizificha moyoni. Barabarani, hatua chache kutoka mlango wa zahanati, palikuwa na kizuizi cha askari, na usiku mwingine tulisikia mtu akiulizwa jina, kisha hatusikii tena.

Sasa sikiliza habari ya sufuria. Wewe umekulia kwenye sindano za kutupa, unadunga, unatupa. Zile zetu zilikuwa za chuma na mabomba yake ya kioo, na kila zikitumika zinachemshwa. Dakika ishirini tangu maji yatokote, hapo ndipo unafunua. Lakini dakika utazipimaje? Saa ya ukutani waliibeba askari waliokimbia. Saa za mikononi walizichukua waliokuja nyuma yao. Zahanati nzima haikuwa na saa hata moja, na jua la mlimani lile, mara lipo, mara ukungu.

Mimi nilikuwa na saa yangu kichwani. Zamani hapa Jinja niliwahi kupima: sura ya Yasini, ukiisoma polepole kwa kunong'ona, inafika dakika ishirini. Kwa hiyo maji yakianza kutokota nasimama juu ya sufuria, naianza, midomo inacheza bila sauti. Nikimaliza nafunua. Sauti ningeitoaje? Yosefu gani huyo anayesoma Yasini?

Walikuwepo wasichana watatu wa mafunzo. Shule yao ya uuguzi ilikuwa imefungwa kwa vita, wakaletwa kwetu wasipotee. Mwepesi wao alikuwa Nambozo, binti wa Kigisu, labda wa miaka kumi na minane, mwenye maswali mengi kuliko dawa tulizokuwa nazo. "Musawo," ndivyo walivyoniita, kama huku watu wanavyomwita kila anayetibu, "musawo, kwa nini hii? Musawo, kwa nini ile?" Na mimi maswali niliyaogopa, maana kila swali lilikuwa na njia ya kufika kwenye jina langu. Nikawa mkali. Nilimkaripia kwa sauti ile ile ya kambi niliyojitahidi kuificha. Ajabu, eh? Maneno niliweza kuyavunja, lakini ukali ulibaki safi kabisa.

Siku moja dawa ziliisha, ikabidi nishuke mjini kutafuta, siku mbili au tatu. Nambozo akanifuata mpaka mlangoni. "Musawo, wewe ukiwa haupo, tutajua vipi sindano zimeiva?"

Swali zuri. Miaka yangu yote ya kufundisha, sijapata kusikia swali la mwanafunzi zuri kuliko lile. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na hofu, na askari wa kizuizini alikuwa anatutazama. Nikasema, "Si kila siku unaniona? Fanya kama ninavyofanya." Nikaenda zangu.

Niliporudi majipu yalikuwa yameshaanza. Mtoto huyu tako limevimba, yule paja. Nikajiambia labda ni maji, labda ni pamba. Kisha asubuhi moja nikapita dirishani nikamwona Nambozo kwenye jiko. Alikuwa amesimama wima juu ya sufuria, macho kafumba, mikono kaikunja kifuani, midomo inacheza. Nilizijua harakati zile. Zilikuwa zangu. Ila zilikwisha upesi. Akajifanyia ishara ya msalaba, akafunua kifuniko. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanapanda mapovu.

Niliingia kwa kishindo. "Nani amekwambia ufunue?"

"Nimemaliza, musawo."

"Umemaliza nini?"

"Kuomba. Baba Yetu. Kama wewe."

Alidhani ndiyo dawa yenyewe, Aziza. Alidhani katika zahanati isiyo na kitu tunaiombea sufuria, na Mungu ndiye anayemaliza kuchemsha. Na kwa nini asidhani? Alimwona mwalimu wake kila siku anafumba macho anaomba. Mtoto wa kanisani, akachukua sala aliyo nayo, nusu dakika, akaiweka mahali pa ile asiyoijua.

Hapo palikuwa na nafasi. Ningemshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nahesabu muda." Sentensi moja! Hata Yasini nisingeitaja. Ningesema nahesabu namba, nani angejua? Miaka yote hii najiuliza kwa nini hata uongo ule mdogo wa kuokoa haukunijia. Nadhani hofu ilikuwa imenijaa mpaka nikaona kila neno juu ya sufuria ile linanivua nguo. Nilisema tu, "Kuanzia leo nitachemsha mwenyewe," nikampokonya kifuniko.

Mmoja wa wale watoto aliitwa Wamono, wa miaka minne. Alikuwa na malaria tu, malaria ya kawaida. Jipu lake likaingia ndani, homa ikarudi na nguvu nyingine, na siku ya tano akafa mgongoni kwa mamake, wakati mama mwenyewe anatuelezea kwamba leo amelala vizuri. Sitasahau namna alivyokuwa akimtikisatikisa kumbembeleza.

Msimamizi wetu, mzee mpole wa kanisa, akatuita wote chini ya veranda. Akauliza nani alichemsha zile siku ambazo sikuwepo. Nambozo akanyoosha mkono, hakusubiri kutajwa. Mzee akanigeukia. "Yosefu, ulimfundisha?"

Nikajibu, "Nilimwonyesha. Hakufuata."

Akaambiwa afungashe aende kwao. Hakulia. Alikuja mpaka niliposimama, na kibunda chake kichwani, akaniuliza taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa somo tu: "Musawo, wewe ulikuwa unaomba sala gani, ndefu hivyo?"

Nikamwambia, "Toka hapa na ujinga wako."

Ndiyo hiyo. Nimeiandika. Nimehamisha kigoda juani, mamako anapita ananiuliza kama nina homa.

Sasa usije ukafikiri nakuletea hukumu iliyokamilika, maana sinayo. Mawazo yangu juu ya jambo hili ni vurugu mpaka leo. Kuna siku najiambia: hata ni sindano kweli? Maji ya kuchanganyia dawa yalikuwa ya mto. Pamba tulichana godoro. Labda Wamono angekufa hata Yasini ingesomwa mara kumi. Kuna siku najiambia: ningesema, wangeniua, na wewe usingezaliwa, na wanafunzi wote niliofundisha baadaye wasingefundishwa. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi, na kila nikikaribia kujisamehe namwona Nambozo na kibunda chake. Askari hawakuwepo pale verandani. Alikuwepo mzee mpole na wasichana watatu. Nilimwogopa nani? Sijui. Wallahi sijui. Na Yasini yenyewe, niliyokuwa nikiipenda, tunayowasomea wafu wetu, nilitaka kumsomea yule mtoto moyoni ikanikwama mwanzoni kabisa. Mpaka leo msibani wengine wakiisoma mimi natazama chini.

Vita ikapita, mambo yakatulia, nikarudi Jinja nikarudishiwa jina langu. Wakataka watu wa kufundisha, hawakuwa na wengi, wakanichukua. Mwanzoni nilifundisha vile vile, kwa kufoka. Kisha wakanipeleka Buwenge kufundisha wasaidizi wa kituo cha afya, siku ya soko, kelele za mnada mpaka darasani. Kijana mmoja mchokozi akanyoosha mkono: "Afande, na kwa nini tusifunue mapema? Kuni ni ghali." Darasa likacheka. Nilikwisha nyanyua mkono nimzabe kofi, Aziza. Mkono ukabaki hewani. Nikaketi juu ya meza, nikasema, "Uliza tena." Akaogopa, akadhani namtega. Nikamwomba, nikambembeleza aulize tena. Tangu siku ile ndipo nikawa yule mwalimu unayemsikia wakimsifu, yule wa "kwa nini, kwa nini", anayesema kwa sauti kila anachokihesabu kichwani hata wanafunzi wakamcheka kwamba mzee anaongea peke yake.

Ndiyo maana sifa zao zinanichoma. Ualimu wangu wote nimeusoma kwa Nambozo, na ada ameilipa yeye. Je, mwalimu akiwa mwema kwa sababu ya alichomharibia mwanafunzi mmoja, huo wema ni wa nani? Nisaidie, wewe msomi. Mimi nazunguka tu kama kuku aliyepotewa na kiota.

Utaniuliza, sasa Baba unataka nini? Nilitaka usifanye kama mimi, halafu nikaona nusu ya niliyo nayo ni nzuri. Basi chukua hili dogo tu. Siku utakayosimama mbele ya wale wadogo zako, kuna kitu utakifanya kwa mkono bila kukifikiri, na wao wataona mkono peke yake. Waambie kilicho kichwani. Na mmoja wao akikuuliza swali linalokuudhi sana, ngoja kidogo kabla hujamkaripia, ujiulize linakugusa wapi. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi niliuficha wangu mpaka mtoto wa mwenzangu akazikwa. Utakuwa mkuu wa watu inshallah. Siku jambo litaharibika watakukusanya verandani wakuulize, "Ulimfundisha?" Sijui utajibu nini. Naomba tu usikie sauti yangu ikijibu vibaya kabla hujafungua mdomo.

Bado moja. Mwaka jana nilipokwenda Mbale kwenye mazishi ya rafiki, nilipita mtaa wa Nabuyonga, nikamwona Nambozo. Ana kibanda karibu na shule, anashona sare za watoto. Amenenepa, amevaa miwani, lakini shingo ile ile ya kuinama mbele kama anataka kuuliza. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikanunua ndizi nisizozitaka. Nikaenda, nikarudi, nikanunua nyingine. Ukutani juu ya cherehani ana saa mbili. Mbili, Aziza, kubwa, zinakwenda pamoja. Fundi wa nguo ana haja gani na saa mbili? Sikuvuka. Mamako alishangaa nimerudi na ndizi zote zile wakati nyumbani tunazo.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa huu: barua hii niifunge pamoja na ya pili, ya Nambozo, wewe uipeleke. Ya pili nimeshaiandika, fupi. Nimemwambia sala ilikuwa Yasini, na mimi ni Yusufu, na hakukosea kitu, alifanya alichoonyeshwa. Nilikuwa nimeandika hata namna ya kufika: ukishuka stendi uliza Nabuyonga, kibanda cha fundi, mwambie Baba ametuma.

Hapo kwenye "mwambie Baba ametuma" nikasimama. Nimeisoma tena na tena. Ehe! Mzee yule yule! Mwanafunzi aende akasimame mbele za watu kwa niaba yangu, na mimi nimekaa uani na chai.

Ya Nambozo nimeichana. Hii yako nakuachia mezani, isome ukiwa peke yako, usinijibu. Lakini nenda sasa hivi kwa dereva wa gari la Mbale, mwambie kesho atuwekee viti viwili. Chuoni utashuka mwenyewe, sitakuja kukuaibisha mbele ya wenzako. Mimi naendelea mpaka Nabuyonga. Akinifukuza, atakuwa na haki, nitarudi. Lakini aliuliza swali, na mwalimu wake hajamjibu.

Na hayo makaa ya pasi usiyamwage bado. Kuna kanzu yangu pale juu ya sanduku, inyooshe na yenyewe.

Baba yako,
Yusufu